Sehemu ya Pili ya Taarifa

Nchi yetu ina jina zuri sana, ila kwa sasa siruhusiwi kulitaja, maana liko kwenye kamati. Kamati ilianza kulipitia miaka tisa iliyopita kuona kama lina mtazamo chanya, na wajumbe bado wako kwenye chakula cha mchana. Kwa hiyo nitasema tu nchi yetu, nanyi msiniulize iko wapi.

Mimi ni Filemoni Kitojo, Afisa Mawasiliano wa Serikali, Wizara ya Maji, Mabwawa na Ustawi wa Unyevu. Zamani nilikuwa Daraja la Pili, sasa ni Daraja la Kwanza, na nitawaeleza nilipandaje. Nimeitwa kwenye semina hii niwafundishe ninyi maafisa wapya namna ya kufanya kazi vizuri na redio, magazeti, na hizi simu zenu za kutelezesha kidole. Waandaaji wamenipa dakika ishirini na chupa moja ya maji. Chupa naomba muiondoe hapo mezani. Hapana, sina kiu, iondoeni tu. Asanteni.

Haya. Tuanze na Sheria ya Itifaki, na wewe wa nyuma acha kupiga miayo, hii itatoka kwenye mtihani.

Zamani taarifa za serikali zilitoka hovyohovyo. Mwaka mmoja soko kuu liliwaka moto, na afisa mmoja, Gervasi, akaandika maneno matatu: "Soko linaungua, tokeni." Watu wakatoka. Hakufa mtu hata mmoja. Kesho yake Mheshimiwa Waziri akasoma gazeti toka ukurasa wa kwanza mpaka matangazo ya vifo, jina lake halimo! Watu elfu nne walikuwa wameokoka bila kuokolewa na mtu yeyote. Fikirieni aibu hiyo, jamani. Gervasi alihamishiwa kisiwani kuhesabu mawimbi, na hadi leo analeta idadi kila Ijumaa.

Tangu hapo kila taarifa huanza na vyeo na majina, kisha salamu, pongezi, mafanikio ya miaka kumi, na shukrani kwa wananchi kwa kuendelea kuwa wananchi. Mwisho kabisa, nafasi ikibaki, ndipo jambo lenyewe. Ikishaandikwa inapita meza tisa na kupata sahihi tisa. Bila sahihi tisa hiyo si taarifa, ni maneno ya mtu.

Kitu pekee kisichohitaji sahihi ni kanusho. Serikali yetu ina haki ya kukana wakati wowote, hata ikiwa usingizini. Kanusho linatoka ndani ya dakika kumi na moja, nami ndiye ninayeshikilia rekodi hiyo.

Sasa kuhusu mimi. Mwaka juzi wananchi walianza kuambiana mambo kwenye simu. Mtu anaona daraja limekatika, anapiga picha, anawatumia wenzake, nao wanapita njia nyingine bila hata kusubiri kutangaziwa. Wizara ikaona hii ni hatari. Nikapewa kazi ya kutunga kampeni, nikatunga: "Haijasainiwa, haijatokea!" Sauti ni yangu mwenyewe, ngoma nyuma, watoto wanaitikia. Redio zote zilitakiwa kuicheza mara sita kwa siku. Nilipewa ngao, ipo nyumbani juu ya friji.

Mtu aliyefurahi kuliko wote ni dada yangu Eufrasia, aliyekuwa anaishi Bonde la Lutole, chini ya Bwawa la Mafanikio. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka mitatu. Dada ndiye aliyenilea, akanibeba mgongoni hadi shuleni siku za tope, na akaacha masomo yake ili mimi niendelee na yangu. Kila sauti yangu ilipotoka redioni alikuwa akiwaita majirani: "Njooni mumsikie Filemoni wangu!" Akaanzisha Kikundi cha Wasikilizaji Waaminifu. Wizara ikampa redio ya kuzungusha kwa mkono, fulana ya njano, na cheti. Mtu akileta habari ambayo haijasainiwa, Wasikilizaji Waaminifu wanamshika na kumpeleka kituo cha polisi, wakimwimbia wimbo wangu njia nzima.

Nilijivunia. Kwa nini nisijivunie? Ninyi mnadhani kufikia watu hadi wakuimbe ni kazi ndogo?

Jumatatu moja ya masika ikaja barua kutoka kwa wahandisi wa bwawa. Ilikuwa na mistari minne. Bwawa limejaa hadi ukingoni. Alhamisi saa nne kamili asubuhi milango itafunguliwa, isipofunguliwa ukuta utapasuka na mji mkuu utakwenda na maji. Bonde la Lutole litafunikwa kupita mlingoti wa bendera ya shule. Watu wote wapande Kilima cha Misheni kabla ya hapo.

Mkurugenzi wetu wa Mawasiliano, Bi Anatolia Mbwera, aliisoma barua akiwa amesimama, akaigeuza nyuma kutafuta kilichobaki.

"Filemoni, hii ndiyo nini?"

"Ni tahadhari, Bi Mkurugenzi."

"Mheshimiwa yuko wapi humu?"

"Hayumo, Mama."

"Maji yanafika, watu wanakimbia, na Waziri wa Maji hayumo? Unataka nikahesabu mawimbi na Gervasi?"

Nikakaa nikaandika upya. Ilipofika jioni ilikuwa na kurasa kumi na moja. Jambo lenyewe nililiweka ukurasa wa kumi na moja, chini, juu kidogo ya anwani yetu ya posta. Kisha jalada likaanza safari.

Meza ya kwanza waliondoa neno "mafuriko" kwa kuwa linakatisha tamaa wawekezaji, wakaweka "ujio wa maji." Meza ya tatu waliona "hameni" ni amri, na wananchi wetu wako huru. Wakaandika "wananchi wanakumbushwa kuwa vilima vya nchi yetu vinafaa kutembelewa." Wa meza ya tano alikuwa na msiba, tukasubiri arobaini ipite kwa haraka, yaani siku moja. Wa meza ya saba akauliza kama saa nne ni saa nne ya wizara au ya wahandisi. Wahandisi walipoulizwa walijibu kwa lugha ambayo sitairudia mbele ya kina mama.

Jumatano asubuhi jalada lilikuwa limeshapita meza ya nane. Mheshimiwa mwenyewe alikuwa bustanini anapigwa picha ya kuambatanisha. Ninyi wapya, andikeni hili: kwenye picha kiongozi lazima awe ananyoosha kidole. Anaonyesha nini si kazi yenu kujua. Palitakiwa maji ya kunyooshewa kidole, yakaletwa kwenye ndoo. Mheshimiwa akakataa ndoo, likaletwa karai.

Mimi nilitoka nje nyuma ya jengo, penye majenereta, nikampigia dada yangu. Ni kosa, najua. Kanuni inakataza ndugu wa afisa kujua jambo kabla ya umma. Nilikosea namba mara mbili.

"Filemoni baba! Umekula?" Ndivyo anavyoanza siku zote.

"Dada, nisikilize. Kesho saa nne wanafungua bwawa. Chukua watu mpande Kilima cha Misheni. Leo hii, dada, usingoje kesho."

"Imesainiwa?"

"Bado sahihi moja."

"Ah." Akacheka, kile kicheko chake cha kunikamata nikiwa nimeiba sukari. "Unanijaribu wewe! Mmetumwa kutupima sisi Wasikilizaji, eti?"

"Dada, sikujaribu! Mimi ndiye ninayeiandika hiyo taarifa!"

"Basi iandike vizuri, isainiwe, uitume. Tutaiona humuhumu kwenye simu. Filemoni, mdogo wangu, jana tu nimempeleka mzee wa watu polisi kwa maneno hayohayo, alisema ameona wahandisi wanapima. Mzee analia, mimi namwambia haijasainiwa, haijatokea. Leo nianze kuwahamisha watu kwa kuwa nimepigiwa simu na ndugu yangu? Wataniona nani mimi?"

"Niamini mimi, dada. Niamini mimi, si redio."

"Wewe si ndiwe redio?" akasema, tena kwa upole kabisa. "Kula chakula. Sauti yako imekonda."

Akakata simu. Nilisimama pale nikalia. Nalisema wazi, nililia, tena kwa sauti, maana majenereta yalikuwa yanawaka. Ningepanda gari kwenda Lutole, ni mwendo wa saa sita, ila ruhusa inaombwa kwa fomu, fomu inataka sababu, na sababu ilikuwa bado siri. Kuondoka bila ruhusa nilikuwa naweza. Miguu ninayo. Sikuondoka, kwa sababu jalada la kupandishwa kwangu daraja lilikuwa linatembea wiki hiyohiyo, na mtu asiyekuwepo mezani hapandi. Msinikunjie sura. Nanyi mtafika hapo.

Saa nane mchana Bi Anatolia akaniita mbiombio. Redio yake ya mezani ilikuwa imewekwa Redio Lutole, kituo kidogo cha bondeni, na mtangazaji mmoja, Chiku Malogo, alikuwa anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeongea na jirani: "Kesho saa nne bwawa linafunguliwa. Nimewauliza wahandisi, wamethibitisha. Chukueni watoto na wagonjwa, pandeni Kilima cha Misheni. Ng'ombe waacheni. Narudia."

Na kweli akarudia. Akawa anarudia tu, bila salamu, bila cheo cha mtu.

"Hana itifaki!" Bi Anatolia akapiga meza. "Amesema jambo kwanza! Filemoni, mzime."

Nikampigia Chiku. Nilimwambia leseni ya kituo imesitishwa. Akaniuliza, "Kaka, kwani nimesema uongo?" Nikamjibu kuwa bado haijajulikana. Nikaketi, nikaandika kanusho. Nilichukua picha yake, nikaigonga muhuri mwekundu wa UZUSHI kutoka sikio hadi sikio, nikaandika chini yake: "Taarifa inayosambaa kuhusu maji si rasmi. Wananchi waendelee na shughuli zao." Dakika saba! Nilivunja rekodi yangu mwenyewe.

Kanusho lilifika kwenye kila simu ya bonde kabla Chiku hajazima mitambo. Lilikuwa fupi, halikuwa na vyeo, na kila mtu alilielewa. Watu waliokuwa wamefunga mizigo wakaifungua. Dada yangu alinitumia ujumbe jioni ile: "Umeona? Ningekusikiliza ningeaibika. Hongera kwa kanusho, limenyooka."

Sasa tuje Alhamisi.

Sahihi ya tisa ilipatikana saa tatu na dakika arobaini na nane. Zimebaki dakika kumi na mbili, wengine wangesema tumechelewa, sisi tuliona tumewahi. Kurasa kumi na moja nikazipeleka redio ya taifa kwa miguu, mbio, viatu mkononi. Msomaji wa habari, mwenye sauti nene inayopendwa na wote, akaanza kusoma vyeo. Alisoma kwa heshima inayotakiwa, akitua kila penye mkato. Saa nne ilipogonga alikuwa kwenye mafanikio ya mwaka wa sita, visima vya mkoa wa kaskazini.

Kwa upande wa simu, nilikuwa nimesharudi mbio ofisini, na mtambo wetu unapeleka herufi mia moja na sitini kwa mara moja. Ujumbe ukizidi hapo unakatwa vipande, na vipande vinatumwa kimoja kimoja. Ya simu ilikuwa imefupishwa iwe vipande viwili tu, vyeo kwanza, jambo lenyewe kwenye cha pili. Cha kwanza kikaenda. Nimekihifadhi, nawasomea:

"Mhe. Profesa Mhandisi Kanali Mstaafu Bartazari Mwaviombo, Waziri wa Maji, Mabwawa na Ustawi wa Unyevu, Mlezi wa Vijana, Baba wa Mabomba, anayo furaha kubwa kuwa"

Hapo ndipo herufi zilipoisha. Nikaweka kidole kwenye kitufe cha kutuma kipande cha pili. Bi Anatolia akanishika mkono.

"Subiri. Hicho cha pili kimesainiwa?"

"Ni taarifa ileile, Mama, ni mwendelezo."

"Kinaondoka chenyewe, kinafika chenyewe, na jina la Mheshimiwa halimo ndani. Mwananchi akikisoma atajua kimetoka kwa nani? Hiyo ni taarifa mpya, Filemoni. Ipate sahihi zake."

"Mama, zimebaki dakika nne. Dada yangu yuko kule."

Aliniangalia kwa huruma, namhesabia hilo. "Pole sana," akasema. "Basi ipeleke masjala wewe mwenyewe, itawahi."

Ningeweza kubonyeza. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, kinakigusa kabisa. Niliondoa kidole, nikachukua jalada jipya, nikaandika juu yake kwa mwandiko mzuri, SEHEMU YA PILI, nikalipeleka masjala. Saa nne kamili milango ya bwawa ilifunguka. Ilikuwa shughuli pekee ya serikali iliyoanza kwa wakati mwaka ule, maana milango haijui itifaki.

Saa nne na dakika sita simu yangu ililia mfukoni, nikiwa kwenye foleni ya masjala. Ni dada. Aliandika: "Imefika! Majina yote yamo, nimewasomea watu kwa sauti, wamepiga makofi. Tuko uwanja wa shule, watu wote wa bonde, na watoto. Ana furaha kubwa kuwa nini? Tunasubiri sehemu ya pili. Huku chini pameanza kulowa."

Namba yangu ni ya ofisi, kwa hiyo inajibu yenyewe kabla yangu. Ikamjibu: "Asante kwa kuwasiliana nasi. Maoni yako ni muhimu kwetu."

Naye akajibu: "Asante, mdogo wangu."

Sina mwingine baada ya huo.

Naombeni dakika moja. Hapana, nimesema chupa iondoeni.

Haya. Tathmini. Wiki iliyofuata wataalamu walikuja na chati za rangi. Ujumbe ulifika kwa asilimia mia moja ya walengwa, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya nchi yetu. Picha ya Mheshimiwa akinyooshea kidole karai ilipendwa mtandaoni mara elfu kumi na mbili, na katika hizo, elfu kumi na moja ni sisi watumishi, kila mmoja na akaunti zake tatu kama kanuni inavyotaka. Mtu mmoja aliuliza pale chini ya picha, "Jamani, mama yangu yuko Lutole, yuko wapi?" Akajibiwa, "Asante kwa maoni yako," kisha sehemu ya maoni ikafungwa kulinda heshima ya mazungumzo. Kilichowavutia zaidi wataalamu ni malalamiko. Kwa kawaida Bonde la Lutole lilikuwa linaleta malalamiko mia mbili kwa mwezi, barabara, dawa, walimu. Mwezi ule halikuja hata moja. Wakaandika kwenye ripoti kwamba wananchi wameridhika.

Chiku Malogo yuko gerezani. Alipanda kilima Jumatano ileile na watu thelathini na wawili waliomsikia kabla ya kanusho. Mwanasheria wa serikali aliieleza mahakama vizuri sana: Jumatano saa nane mchana maji hayakuwepo bondeni, kwa hiyo aliyesema yanakuja alisema uongo, na uongo hauwi kweli kwa kuwa umetokea kesho yake. Alifungwa miaka minne. Wale thelathini na wawili walishtakiwa kwa kuhama bila taarifa rasmi. Mimi nilikuwa shahidi wa serikali. Chiku aliniangalia kutoka kizimbani akaniuliza bila hasira, "Kaka, imeshajulikana sasa?" Hakimu akamwambia anyamaze, na mimi nikashukuru moyoni.

Nikapanda Daraja la Kwanza. Bi Anatolia mwenyewe alinikabidhi barua, akanikumbatia, akasema dada yangu atakumbukwa kama msikilizaji wa mfano. Fulana yake ya njano ilipatikana kwenye mti kule chini mtoni, ikafuliwa, sasa ipo kwenye kabati la kioo pale mapokezi. Mkitoka mtaiona mkono wa kushoto.

Ndiyo, uliza. Eti sehemu ya pili iliishia wapi? Swali zuri, hatimaye kuna mtu anasikiliza humu.

Jalada lilipita meza zote tisa bila pingamizi, likarudi kwangu siku ya kumi na tisa. Sahihi zimekamilika, jina la Mheshimiwa limeongezwa mwanzoni. Nilibaki ofisini peke yangu mchana ule, wenzangu wakiwa kwenye chai. Nikaituma kwa kila namba ya bonde, na ya dada yangu nikaiandika mwenyewe kwa mkono, ninaijua kwa kichwa. Jambo lenyewe sasa limo, tena wazi: saa nne, kilima, watoto kwanza. Mtambo wetu ni wa kisasa, unaonyesha kila ujumbe umefikia wapi.

Kila asubuhi nikifika kazini hufungua hapo kabla ya salamu. Mbele ya namba yake pameandikwa: inasubiri kupokelewa. Nami kila asubuhi nabonyeza kitufe cha kutuma tena, maana siku hizi sihitaji sahihi ya mtu. Imesainiwa, dada. Imesainiwa.